Ukurasa wa Katikati: Tahakiki ya Kipa Juma Kaseja

Ndugu msomaji, najua utauliza: jarida la fasihi na golikipa wapi na wapi? Umezoea kukuta hapa shairi, hadithi fupi, au mmoja wetu akimchambua Kezilahabi. Leo nakuletea mtu wa glovu. Sababu ninayo, na nitaieleza bila kuzunguka mbuyu.

Maisha ya mchezaji kazini ni masimulizi. Yana mhusika, yana msuko, yana mandhari na yana lugha. Yana wasomaji pia, tena nathubutu kusema ni wengi kuliko wasomaji wa riwaya zetu. Nenda kijiwe chochote cha kahawa, Tandika, Mbagala, Manzese au Mwananyamala, uwasikilize watu Jumatatu asubuhi. Wale ni wahakiki. Wana vigezo, wana ushahidi, na ubishi ndio usiseme. Kasoro yao, na hapa nawaunganisha na waandishi wa michezo pamoja na sisi tunaojiita wasanii chipukizi, ni kwamba tunasoma ukurasa wa kwanza na wa mwisho. Kurasa za katikati tunaziruka.

Mchezaji niliyemchagua ni Juma Kaseja, mzaliwa wa Kigoma, kipa aliyedaka Simba, akaenda Yanga, akarudi Simba, akaenda Yanga tena, halafu Mbeya City, Kagera Sugar na KMC ya Kinondoni. Hoja yangu ni moja. Maisha haya ni ya fundi, yule fundi anayebeba vifaa vyake begani kutoka jengo moja hadi jingine. Tukiyasoma kama hadithi ya nyota iliyopanda ikaanguka, hatuyaelewi. Tukiyasoma kama hadithi ya nyota iliyoanguka ikafufuka, pia hatuyaelewi. Nitajaribu kuthibitisha.

MSUKO

Tuanze na msuko kama unavyosimuliwa mitaani. Ukurasa wa kwanza ni Agosti 2003. Simba imepangwa na Zamalek ya Misri, mabingwa watetezi wa Afrika. Dar es Salaam Simba inashinda 1-0. Cairo inafungwa 1-0. Inakuja mikwaju ya penalti, na golini kasimama kijana ambaye Waarabu wale hawakuwa na habari naye. Simba inatoka na ushindi wa 3-2 na kuingia hatua ya makundi ya Ligi ya Mabingwa. Kocha siku ile alikuwa James Siang'a, Mkenya, mwenyewe kipa wa zamani wa Harambee Stars. Kisa hiki kila mtu anakijua, hata aliyezaliwa mwaka uliofuata. Atakusimulia kama alikuwepo.

Ukurasa wa mwisho, kwa msomaji mwenye haraka, ni Desemba 21, 2013. Katikati ya mwaka ule Simba haikumwongezea Kaseja mkataba. Novemba Yanga ikamsajili. Desemba ikapigwa ile mechi ya Nani Mtani Jembe, Kaseja akiwa golini mwa Yanga, Simba ikashinda 3-1. Goli moja katika yale watu walimtwika yeye peke yake. Basi, kikawa kilio. Kachemsha! Kaisha! Wengine, kama kawaida ya mji huu, wakasema kauza. Nafasi ikawa finyu, na mkataba wake na Yanga ukaishia kwenye mabishano. Msomaji wetu akafunga kitabu.

Sasa angalia hesabu. Kutoka 2003 hadi 2013 ni miaka 10. Katika miaka hiyo 10 msomaji wa kijiweni atakukumbusha labda mambo mawili au matatu. Atasema mwaka 2008 alivuka kutoka Msimbazi kwenda Jangwani, jambo ambalo katika mji huu linakaribia kubadili ukoo, na mwaka uliofuata akarudi. Atasema Marcio Maximo, yule Mbrazili aliyeifundisha Taifa Stars kuanzia 2006 hadi 2010, alimweka kando kwa muda mrefu huku mashabiki wakipiga kelele. Na kama ni mtu wa Simba, hatasahau Mei 6, 2012, Simba 5, Yanga 0, siku ambayo kipa Kaseja alitoka golini kwake, akavuka uwanja mzima, akapiga penalti na kufunga.

Lakini tazama namna kumbukumbu zenyewe zilivyo. Zote ni za tukio. Kahama, kaachwa, kafunga. Hakuna hata moja inayosema alikuwa anafanya nini siku za kawaida, na siku za kawaida ndizo zilizojaza ile miaka. Hapo ndipo msuko wetu unapokuwa na tundu. Riwaya yenye tundu la namna hii tungemrudishia mwandishi akaiandike upya.

Na baada ya 2013 kitabu kiliendelea, ila wasomaji walikuwa wameshakwenda zao. Mwishoni mwa 2015 Mbeya City ilimchukua. Kutoka hapo akaenda Kagera Sugar. Mwaka 2018 akatua KMC, timu ya Manispaa ya Kinondoni iliyokuwa ndiyo kwanza imepanda Ligi Kuu. Sura tatu nzima. Ukimwuliza mtu azisimulie, anakuna kichwa.

MHUSIKA

Kwa nini tunaruka? Mimi naona fasihi yetu ina mkono katika hili. Sisi tuliolelewa na vitabu vya Kiswahili tumefundishwa aina mbili za mhusika mkuu.

Wa kwanza ni Willy Gamba wa Elvis Musiba. Huyu hashindwi. Akiingia mtegoni unajua atatoka, unachongoja ni kujua kwa njia gani. Wa pili ni mhusika wa Kezilahabi. Rosa, Kazimoto, Tumaini: wote watatu mwisho wao ni kifo, wawili kwa mikono yao wenyewe na mmoja kwa hukumu. Sisemi vibaya juu ya riwaya zile. Ni nguzo, na zinastahili kuwa nguzo. Nasema zimetuzoesha vibaya. Msomaji wa Dar es Salaam akimwona mtu amepanda, anaanza kungoja ama ushindi usio na mwisho ama kaburi. Mtu akipanda, akashuka kidogo, akatulia, akafanya kazi, akahama, akafanya kazi tena, msomaji anachoka. Anasema hadithi imekwisha.

Kaseja hana nafasi katika makundi haya mawili. Amefungwa mara nyingi mno kuwa Willy Gamba. Na kama ni anguko la Tumaini, hajaanguka. Huwezi kumwita aliyeanguka mtu anayelipwa kufanya kazi ileile, katika ligi ileile, miaka mitano na zaidi baada ya siku aliyotangazwa marehemu.

Mhusika aliye karibu naye ninampata kwa Shafi Adam Shafi, katika Kuli. Pale kuna watu ambao uzito wao ni kazi yao. Msomaji anajua gunia lina uzito gani, bega linauma wapi, siku ya kuli inaanzaje na inaishaje. Bila kuijua kazi ile huwezi kuuelewa mgomo unaokuja baadaye. Hiki ndicho kinachokosekana katika masimulizi yetu ya wanamichezo. Tunaandika mgomo, hatuandiki gunia.

Basi gunia la kipa ni lipi? Goli lina upana wa mita 7.32 na urefu wa mita 2.44. Kaseja hakuwa mrefu, na wapinzani wake walilisema hilo tangu ujana wake hadi uzee wake wa mpira. Mtu mfupi katika goli la ukubwa huo hawezi kutegemea mikono. Anategemea miguu na macho: asogee mbele kiasi gani ili apunguze pembe ya mpigaji, arudi lini ili mpira usimpite juu, amwite beki gani kabla hatari haijawa hatari. Kipa akifanya haya vizuri, hakuna kinachotokea. Mpira unapita nje, au mshambuliaji anaamua kutopiga. Jukwaani hakuna anayepiga makofi kwa jambo ambalo halikutokea.

Ndiyo maana maisha ya kipa ni magumu kusoma kuliko ya mfungaji. Mfungaji anaandika kwa wino mweusi. Kipa anaandika kwa maji, isipokuwa siku mbili: siku ya kosa na siku ya penalti.

LUGHA

Hebu tuingie kwenye lugha, maana hapa ndipo ugonjwa unapoonekana wazi.

Kaseja aliitwa Tanzania One. Jina hili wengi wanadhani ni sifa yake binafsi. La hasha. Ni cheo, kama uenyekiti wa mtaa, na baada yake limekwenda kwa Aishi Manula. Tatizo la cheo ni kwamba kina kiti kimoja. Lugha iliyompa mtu jina la "wa kwanza" haina jina la kumpa atakapokuwa wa pili au wa nne. Inabaki kumtafutia neno la msiba.

Maneno hayo tunayo tele. Amechuja: hili limetoka kwenye kitambaa, khanga iliyofuliwa mpaka maua hayaonekani. Galasa: hili limetoka kwenye karata, ile isiyo na thamani. Ameisha: kama sabuni. Mkongwe: hili linasikika la heshima, lakini sikiliza vizuri linavyotamkwa, utasikia mtu anaonyeshwa mlango kwa adabu. Wenzangu wa fani watakubaliana nami kwamba sitiari hizi zina sura moja. Zote zinamwona mchezaji kama kitu kinachotumika mpaka kiishe. Hakuna hata moja inayomwona kama mtu anayejua kazi na anayezidi kuijua.

Ajabu ni kwamba neno zuri tunalo, na uwanjani tunalitumia: fundi. Lakini uwanjani fundi ni yule anayepiga chenga watu wakasimama. Turudishe neno kwa wenyewe. Fundi wa Temeke anayejenga ukuta leo Yombo na kesho Chamazi hatusemi amechuja kwa sababu amehama jengo. Tunauliza: ukuta umesimama? Fundi cherehani akihamisha cherehani yake kutoka Kariakoo kwenda Mbagala Rangi Tatu, wateja wanamfuata kwa mkono wake. Kwa nini kipa akihama kutoka Jangwani kwenda Bukoba tunasema amekwisha?

Jibu ni kwamba kwetu mpira una nyumba mbili tu, Msimbazi na Jangwani. Nje ya hapo tunaona pori.

MANDHARI

Basi twende huko porini. Mbeya City ni timu ya halmashauri, nyumbani kwake ni Uwanja wa Sokoine, zaidi ya kilomita 800 kutoka Dar es Salaam. Kagera Sugar ni timu ya kiwanda cha sukari, nyumbani kwake ni Kaitaba, Bukoba, ng'ambo kabisa ya nchi, zaidi ya kilomita 1,300. KMC ni timu ya manispaa. Tazama waajiri hawa: halmashauri, kiwanda, manispaa. Haya ni majina ya barua za kazi. Ukiyasoma mfululizo unaona maisha ya mtumishi anayehamishwa vituo, kama mwalimu au bwana afya. Kama kuna sura yenye ladha ya Tanzania halisi katika kitabu hiki, ni hii. Ndiyo hiyo tunayoiruka.

Na kuna jambo la mandhari ambalo sijaona mtu akilitia maanani. Mwaka 2003, Simba ilipoifunga Zamalek 1-0 hapa Dar es Salaam, mechi ilichezwa Uwanja wa Taifa wa zamani, kule Temeke. Uwanja mpya mkubwa, ambao sasa tunauita Benjamin Mkapa, ulifunguliwa mwaka 2007 jirani yake kabisa, na ule wa zamani ukabaki na jina la Uhuru. Msimu wa 2018/19 KMC, ingawa ni timu ya Kinondoni, ilikuwa ikitumia Uhuru kama uwanja wa nyumbani. Maana yake Kaseja, akiwa na KMC, alirudi kusimama kwenye milingoti ileile ya ujana wake. Safari ya kwanza umati ulifurika kuangalia mabingwa wa Afrika. Safari ya pili ilikuwa timu ya manispaa, jua la alasiri, na ukuta wa pili tu kuna uwanja mkubwa unaowangoja Simba na Yanga.

Mwandishi wa haraka angeiona hapa picha ya huzuni. Mimi naiona picha ya kazi. Ligi ya msimu ule ilikuwa na timu 20, mechi 38 kwa kila timu. KMC, wageni wa Ligi Kuu, walimaliza nafasi ya nne na kupata tiketi ya Kombe la Shirikisho la Afrika. Agosti 2019 walitoka sare ya 0-0 na AS Kigali kule Rwanda, wakafungwa 2-1 hapa nyumbani, wakatolewa. Si hadithi ya maajabu. Lakini nafasi ya nne haipatikani kwa siku moja ya bahati. Inapatikana kwa Jumamosi nyingi ambazo hakuna anayezisimulia.

UKURASA UNAOPENDWA NA UNAOSOMWA VIBAYA

Sasa nafika mahali ambapo wengi watadhani wananishika. Watasema: wewe unasema anaachwa katikati, mbona mwaka 2019 taifa zima lilimwimba?

Kweli lilimwimba. Juni 2019 Taifa Stars ilikwenda Misri kwenye fainali za Afrika, ikafungwa mechi zote tatu, na Senegal, na Kenya, na Algeria. Kaseja hakuwemo. Kocha Emmanuel Amunike akaondoka. Akaja Etienne Ndayiragije, Mrundi, na akamwita Kaseja. Agosti 4, 2019, Nairobi, katika kufuzu CHAN, Tanzania na Kenya walimaliza bila kufungana kwa mara ya pili, ikaja mikwaju, Tanzania ikashinda 4-1. Septemba 8, hapa Dar es Salaam, katika kufuzu Kombe la Dunia, Tanzania na Burundi walitoka 1-1 kwa mara ya pili, ikaja mikwaju tena. Tanzania ilifunga 3. Burundi hawakufunga hata mmoja. Golini mara zote mbili alikuwa yuleyule wa Cairo, miaka 16 baadaye.

Magazeti yakaandika ufufuo. Mzee karudi, Mungu mkubwa, subira yavuta heri. Hadithi tamu. Lakini kama mhakiki nauliza swali ambalo tungemwuliza mwandishi yeyote wa riwaya: tukio hili limeandaliwaje? Mhusika aliyezikwa sura ya saba anatokeaje sura ya kumi akiwa na nguvu zote? Kama halikuandaliwa, ni ulaghai wa mwandishi, ni jini katoka kwenye chupa.

Liliandaliwa. Ndayiragije, kabla ya kupewa Taifa Stars, alikuwa kocha wa KMC katika msimu uleule wa 2018/19. Alimwona Kaseja kazini, mazoezini na kwenye mechi, msimu mzima. Hakumwita kwa kukumbuka Zamalek. Alimwita kwa sababu ya kazi ya Kinondoni, ile ambayo sisi wasomaji tulikuwa tumeifunika. Kumbe mlango wa kurudi ulikuwa ndani ya ukurasa tulioruka. Anayesema "ufufuo" anakiri tu kwamba yeye hakuwa akiangalia wakati mtu yuko hai.

Na penalti yenyewe, je, ni miujiza? Mpira uko mita 11 kutoka kwenye mstari. Kipa hana muda wa kuona kisha akaamua. Lazima asome mapema. Anasoma hatua za mpigaji, nyonga, mguu wa kusimamia, uso. Kuanzia Juni 2019 sheria ilimruhusu kubaki na mguu mmoja tu juu ya mstari wakati mpira unapigwa, kumbe zamani ilikuwa yote miwili. Haya ni mambo ya kujifunza na kurudiarudia. Kijana anaweza kuyafanya kwa damu ya moto, kama 2003. Kuyafanya tena baada ya miaka 16 kunahitaji mtu aliyepita kwa wapigaji wengi, wengi wao wa timu ndogo ambazo majina yao hatuyakumbuki.

DOSARI ZA USOMAJI WANGU

Mhakiki asiyejikosoa ni mpiga debe. Kuna hoja mbili zinazoweza kuuangusha usomaji huu na sitaki kuzificha.

Ya kwanza: ninampamba. Neno "fundi" ni tamu, lakini fundi wa kweli anahama mara nyingi kwa sababu hana pa kukaa. Kaseja hakuamka asubuhi moja akasema nataka kuonja hewa ya Mbeya. Mkataba ulikwisha, mwingine ukaingia ubishi, akakaa nje, nafasi ikapatikana huko. Katika mpira wetu mchezaji wa umri mkubwa huenda palipo na mlango wazi. Tukiliita hili uhuru wa msanii, tunawasaidia waajiri kulala usingizi mzuri. Nakubali. Nasema tu kwamba kutokuwa na hiari ya kuhama hakufuti ubora wa kazi iliyofanywa baada ya kuhama. Kuli hakuchagua bandari, na bado alijua kupanga mzigo.

Ya pili: nimemchagua mtu mwenye Cairo mwanzo na Burundi mwisho. Ni rahisi kusifu ukurasa wa katikati wa mtu ambaye kurasa zake za pembeni zinang'aa. Je, makipa walioanzia Kagera wakamalizia Kagera, wasio na Zamalek wala Burundi? Hapa, ndugu msomaji, hoja ni nzito, na jibu langu ni kwamba usomaji huu una thamani pale tu utakapowafikia hao. Kama Kaseja angekosa ile mikwaju ya 2019, au kama Ndayiragije asingepewa Taifa Stars, misimu yake ya Mbeya, Bukoba na Kinondoni ingekuwa ileile, kazi ileile. Thamani yake isingepungua hata senti. Asiyekubali hili, bado anasoma kama anakagua tiketi ya bahati nasibu.

HITIMISHO

Baadaye Kaseja alitundika glovu na kuingia kwenye kuwafundisha makipa. Hilo nalo limepita bila simulizi, ingawa fundi kupata wanafunzi ni jambo kubwa katika ufundi wowote.

Nimeandika haya kwenye jarida la fasihi kwa sababu naogopa kwa ajili yetu sisi vijana tunaoandika. Ukipita katika miswada tunayoletewa, mhusika ni bingwa au ni marehemu. Na ukipita katika maisha yetu wenyewe ni hivyohivyo: kijana anachapisha shairi moja akiwa na miaka 20, anaitwa Tanzania One wa mashairi, miaka mitatu hajasikika, tunasema amechuja. Hatuulizi kama anaandika. Wapo waliokata tamaa kwa sababu ya neno hilo moja, na fasihi ikapoteza mikono iliyokuwa bado inajifunza kusoma nyonga ya mpigaji.

Wasifu wa mtu anayefanya kazi tunao mfano wake. Shaaban Robert aliandika wa Siti binti Saad, na hakuona haya kueleza ufinyanzi na uuzaji wa vyungu kabla ya sauti. Wa kipa bado. Nataka mmoja wetu apande basi mpaka Bukoba, akae na watu wa Kaitaba, aulize kipa aliamka saa ngapi, alifanya mazoezi gani, alimkaripia beki gani na kwa maneno gani, akarudi kulala wapi. Simtaki aniandikie Cairo, ile ninayo. Aniandikie Jumatano moja ya mwaka 2017, ambayo hakuna goli lililofungwa.